Mfunga Mkia

Saa tatu asubuhi, nyuma ya kiwanda cha sufi kilichofungwa,
tumekalia buti za magari tukifunga buti za miguu.
Senga anagawa peremende.
(Bibi yake alikuwa Agnes; mama alilitaka jina
lakini si lote, basi akaliandika kinyumenyume.)
Torquil ana ramani ndani ya nailoni
na anaiamini kuliko macho yake.
Mimi nimepewa mkia.

Kazi ya mkia ni kuhesabu.
Kila lango, kila kijito:
kumi na moja walioondoka, nami nikiwemo,
wawe kumi na moja.
Miaka thelathini niliendesha basi la Alloa
nikihesabu watu nisiowajua majina.
Hawa nawajua kwa visigino:
cha Ishbel kinachokanyaga nje,
cha kijana Fergus, kipya, kinachomuuma naye hasemi,
na soli ya Struan iliyobandikwa gundi
na mtu mwenye mikono mizuri kuliko yake.

Mvua ya huku haina haraka ya kuwa mvua.
Kwanza unyevu, kisha manyunyu, kisha kitu
ambacho Ishbel anakiita kwa neno la nyanya yake
na hataki kulieleza. "Ukishalowa utaelewa."
Tulielewa kabla ya lango la pili.

Kangaga zimegeuka rangi ya kutu.
Kondoo, wamepakwa buluu matakoni,
wanatutazama kama makarani wanavyotazama foleni
dakika tano kabla ya kufunga dirisha.

Hii milima ya Ochil si mirefu.
Watu wa kaskazini huicheka.
Lakini magoti hayasomi ramani.

Struan hakuwa ametembea nasi tangu Februari.
Leo alikuja. Hakusema kwa nini, hatukuuliza.
Tulimsogezea nafasi kwenye mstari,
naye akaacha hatua mbili wazi mbele yake,
kama zamani.

Begani mwa mlima ukungu ukatufunika kama kawa.
Nikapaza sauti: simameni!
Nikahesabu migongo, nikajiongeza.
Kumi na mbili.
Nikarudia kwa kidole, kama mtoto.
Kumi na mbili.
"Umejihesabu mara mbili," akasema Torquil
bila kuinua uso kutoka kwenye dira.
Upepo ukapiga, ukungu ukachanika kidogo:
wa kumi na mbili alikuwa nguzo ya uzio
iliyovaa mfuko wa plastiki uliopeperushwa huko.
Tukacheka hadi Fergus akakaa chini.
Struan naye alicheka.
Kisha akaiendea nguzo, akaivua ule mfuko,
akaukunja mara nne, akautia koti.
Netta hakuwa mtu wa kuacha taka mlimani.

Kileleni hapakuwa na mandhari.
Torquil alituonyesha mahali ilipopaswa kuwa:
mto Forth pale, madaraja kule, na kule,
siku njema, hata bahari.
Nasi kwa adabu tukageuza shingo
kuelekea weupe, weupe na weupe.

Ndipo Struan akafungua bati la biskuti lenye picha ya treni.
Keki ya tangawizi, imekatwa kwa rula.
Vipande kumi na viwili.
"Mkono umezoea," akasema.

Tulichukua kumi na kimoja.
Kile kingine kikabaki katikati ya bati, kinanyeshewa,
na kila mtu akapata jambo la kufanya na zipu yake.

Senga, mdomo umejaa:
"Netta angetununia mwaka mzima
keki yake ikirudi nyumbani."
Akakitwaa. Akakila chote, polepole,
akimtazama Struan usoni,
naye Struan akammiminia chai ya kuteremshia.

Kushuka kulikuwa matope, na wimbo wa kipuuzi,
na Fergus hatimaye akakubali plasta.

Lango la mwisho lina komeo gumu.
Nililishika wazi kwa nyonga, nikawapitisha:
mmoja, mmoja, hadi kumi,
kisha mimi.
Nikalishikilia bado
kidogo kuliko ilivyohitajika.
Kisha nikafunga,
maana kuna kondoo.